Bustani ndogo ya kutulia nyumbani mjini: kiti kwanza, mche mwisho

Bustani nyingi za mjini huharibika siku ile ile mwenye nyumba anaporudi na gari lililojaa miche kutoka kwa wauza maua wa kando ya barabara. Miche inapangwa ukutani, inapendeza wiki mbili, lakini hakuna anayekaa pale. Miezi sita baadaye nusu ya vyungu vimekauka, kamba ya nguo imepita juu ya vilivyobaki, na kona imerudi kuwa ya ndoo na mtungi wa gesi.

Mimea haina kosa. Kilichokosekana ni mahali pa kukaa, kivuli kwa saa ambazo mtu ana nafasi ya kukaa, na stara ya kutosha ili asijione yuko jukwaani mbele ya jirani wa ghorofani. Kwa hiyo hapa tunaanza na mtu anayekaa, na mimea inakuja karibu na mwisho. Ukiruka ukakimbilia hatua ya nane, mwakani utakuwa unatafuta mwongozo mwingine.

Vipimo vyote ni vya eneo la mita 3 kwa mita 4, ile nafasi inayobaki kati ya nyumba na ukuta wa uzio katika viwanja vingi vya Dar es Salaam. Mombasa, Tanga na Unguja hali ni karibu hiyo hiyo. Aliye Nairobi au Arusha abadilishe jambo moja kubwa: huko kwenye baridi ya Juni na Julai mtu hutafuta jua, wakati sisi wa pwani tunalikimbia mwaka mzima.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kupima na kuchora:
- futi kamba ya mita 5, kamba ya ujenzi, vigingi na pima maji
- karatasi, penseli, na chaki ya kuweka alama ukutani
- mwanzi mmoja mrefu wa mita 3 (utaona kazi yake hatua ya tano)
- kiti cha plastiki

Kwa ujenzi:
- tofali za inchi 6, kama 15, na saruji mifuko miwili kwa ajili ya baraza (benchi la kujengwa)
- mchanga wa mto. Wa ufukweni hapana
- kokoto ndogo za nusu inchi, toroli tano hadi sita
- mianzi au mirunda na misumari kwa ajili ya chanja (kiunzi cha kusimama cha kukupa stara)
- bomba la PVC la inchi 3 iwapo maji hayana pa kutokea

Kwa kupanda:
- samadi iliyooza vizuri, viroba vitatu au vinne
- mti mmoja mdogo, aina moja ya majani ya kufunika ardhi, na mmea mmoja wa harufu
- koleo, jembe, na mpira wa maji au ndoo yenye mdomo wa kunyunyizia

Acha kwanza kapeti la nyasi bandia, sanamu za simba, taa za rangi na vyungu vidogo vidogo. Nyasi bandia juani hupata joto hadi mguu mtupu haukanyagi, na vyungu vidogo hukauka kabla hujarudi kazini.

## Hatua ya 1: Kaa kwa wiki moja bila kununua chochote

Chukua kile kiti cha plastiki, kiweke eneo la bustani, ukae dakika kumi au kumi na tano kwa saa tofauti: saa 2 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 alasiri, na saa 12 jioni. Kila ukikaa, andika mambo manne: jua linapiga wapi, upepo unatoka wapi, macho yanaangukia nini, na masikio yanasikia nini.

Kuhusu jua, Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na Desemba huvuka likawa kusini kidogo, karibu utosini. Maana yake ukuta wa kaskazini wa nyumba yako hupigwa katikati ya mwaka, na ule wa kusini hupigwa mwisho wa mwaka. Ukifanya wiki yako ya kukaa Julai, usiamini kuwa umelijua jua la Januari.

Ila kwa mtu anayetoka kazini, mashariki na magharibi ndiyo yenye uzito zaidi. Eneo lililo mashariki mwa nyumba hupata jua la asubuhi, na kuanzia mchana nyumba yenyewe inalitia kivuli. Hapo ndipo pa kutafuta ikiwa una uchaguzi. Upande wa magharibi ukuta hunywa jua alasiri nzima, kisha hulitapika jioni, saa ile ile uliyotaka kukaa.

Upepo nao una majira. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, na kusi hushika katikati ya mwaka kutoka kusini na kusini-mashariki. Ukiziba njia ya upepo kwa ukuta mzima, umejijengea tanuri. Kwa hiyo kwenye hatua ya stara tutatumia chanja zenye matundu.

Utajua umefaulu ukiweza kunyoosha kidole bila kusita: hapa ndipo penye kivuli saa 10 na nusu, na hapa ndipo upepo unapoingilia.

## Hatua ya 2: Toa vitu kabla ya kuingiza vingine

Hii ndiyo hatua ambayo watu huichukia, kwa sababu haina picha nzuri ya kutuma kwa marafiki. Eneo la mita za mraba 12 haliwezi kuwa bustani na stoo kwa pamoja.

Orodhesha kila kitu kinachoishi pale sasa hivi: kamba ya nguo, mtungi wa gesi, jiko la mkaa, tanki la maji, tofali zilizobaki ujenzi ulipoisha, tairi la akiba. Kila kimoja kipe makao mapya kwa jina, kwa mfano "nyuma, karibu na choo cha nje". Kitu kisicho na makao mapya kitarudi, na kitakuja na wenzake.

Kamba ya nguo ndiyo adui mkubwa. Wasiliana na anayefua kabla hujaing'oa. Ukiihamisha bila kumuuliza dada wa nyumbani au mama, ukirudi Jumamosi utakuta mashuka yametandazwa juu ya mkomamanga. Mpe kamba mpya mahali penye jua kali zaidi kuliko pale, naye atafurahi, maana nguo zitakauka upesi.

Kisichohamishika, kama tanki au chemba ya maji taka, kiweke kwenye mchoro. Chemba haifunikwi kwa zege wala haipandiwi mti. Iachie nafasi ya kufunguliwa. Siku ya kuziba ipo.

## Hatua ya 3: Jua maji yanakwenda wapi

Masika ya Machi hadi Mei hayana huruma na bustani iliyojengwa bila mteremko. Maji yakisimama siku mbili, mizizi inakosa hewa, majani yanageuka njano, na mbu wanapata nyumba.

Fanya jaribio hili. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 30. Lijaze maji, yaache yanywewe yote, kisha lijaze tena na uweke kijiti chenye alama. Baada ya saa moja pima.

- Maji yakishuka sentimita 2 na nusu au zaidi, udongo unapitisha vizuri.
- Yakishuka chini ya hapo, una mfinyanzi au kifusi kilichoshindiliwa na mafundi. Utahitaji kuinua kitanda cha mimea kwa sentimita 20 hadi 30.
- Yakitoweka ndani ya dakika chache, una mchanga mtupu, jambo la kawaida karibu na bahari. Hapo samadi na mboji zitakuwa nyingi zaidi, na utamwagilia mara kwa mara.

Baada ya hapo weka mteremko: sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na msingi wa nyumba. Funga kamba kati ya vigingi viwili, weka pima maji juu ya kamba, kisha shusha upande mmoja. Macho hayafai kwa kazi hii, hata yawe ya fundi wa miaka ishirini.

Onyo. Usirundike udongo kwenye ukuta wa nyumba. Uso wa kitanda cha mimea ubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, la sivyo unyevu utapanda ukutani na rangi ya sebuleni itaanza kuvimba. Pia bomba la kutolea maji lisielekezwe kwa jirani. Huo ugomvi hauna mwisho.

Utajua umefaulu ukimwaga ndoo tatu za maji kwa mpigo na nusu saa baadaye hakuna dimbwi.

## Hatua ya 4: Weka kiti, na kisiondoke

Kiti cha kuhamishwa huhamishwa. Kitapelekwa kwenye msiba, kwenye sherehe, kwenye chumba cha mgeni. Ndiyo sababu naipendekeza baraza ya kujengwa, ile ile ya nyumba za Mji Mkongwe na Lamu, ila fupi.

Ijenge kwenye upande mfupi wa eneo, mgongo ukiwa ukutani, uso ukitazama urefu wote wa mita 4. Sababu ni mbili. Mtu mwenye ukuta mgongoni hashtuki kila mlango unapofunguliwa, na macho yakipewa mwendo mrefu kuliko yote uliopo, eneo huonekana kubwa kuliko lilivyo. Ukikaa upande mrefu, unatazama ukuta ulio mbele ya pua yako.

Vipimo vya baraza:
- urefu mita 1.8, ili mtu aweze kujinyoosha
- kina sentimita 50
- kimo sentimita 43 hadi 45 kutoka sakafu ya mwisho

Hicho kipimo cha mwisho ndicho mafundi hukikosea. Wanapima kutoka kwenye udongo uliochimbwa, halafu kokoto zinamwagwa, na baraza inageuka kibao cha watoto. Mwoneshe fundi alama ya chaki ukutani inayoonyesha sakafu itakapofika, naye apime kutoka hapo.

Weka msingi mwembamba wa zege, panga tofali kuzunguka, jaza kifusi katikati ukishindilia kila tabaka, kisha malizia kwa zege la sentimita 6 au 7 lililosuguliwa likawa laini. Uso wa juu uteremke sentimita 1 kuelekea mbele ili mvua isikae. Mwagilia zege kwa siku saba. Likikauka haraka juani litapasuka.

Mchanga wa ufukweni una chumvi. Huacha ukungu mweupe kwenye plasta, hula nondo, na ukidondokea kwenye kitanda cha mimea huchoma mizizi. Mwenye lori akikuambia "huu umeoshwa", onja chembe kwa ulimi.

Utajua umefaulu ukikaa dakika ishirini, miguu imefika chini, na hujatamani kuhama.

## Hatua ya 5: Stara, kwa hesabu ndogo

Watu wakitaka stara huongeza tofali juu ya ukuta wa uzio. Ni gharama kubwa, upepo unakatika, na mara nyingi dirisha la jirani bado linaonekana. Stara haihitajiki uwanja mzima. Inahitajika kwenye mstari mmoja tu, kati ya jicho lako ukiwa umekaa na dirisha linalokusumbua.

Jicho la mtu mzima aliyekaa liko takriban mita 1.15 kutoka chini. Tuseme sehemu ya juu ya dirisha la jirani iko mita 5 juu, umbali wa mita 8 kutoka kwako. Mstari huo unapanda karibu nusu mita kwa kila mita moja. Kizuizi kilicho mita 1 kutoka kwako kinahitaji kimo cha takriban mita 1.65. Kikiwa mita 3, kwenye ukuta wa uzio, kitahitaji mita 2.6. Dirisha ni lile lile, lakini gharama mbili.

Kama hesabu hazikupendi, tumia mwanzi. Kaa kwenye baraza, mtu mwingine asimame na mwanzi akiuinua taratibu mpaka ncha ifunike dirisha. Tia alama kwenye mwanzi na chini aliposimama. Rudia kwa kila dirisha linalokutazama. Kwa kawaida hayazidi mawili.

Sasa amua. Dirisha likiwa ubavuni mwako, jenga chanja ya mianzi pembeni mwa baraza, karibu nawe. Acha matundu ya sentimita 3 hadi 5 kati ya mianzi. Kwa mbali jicho halipenyi, ila upepo unapita. Dirisha likiwa mbele yako, chanja ingekuzibia bustani yenyewe, basi kazi hiyo mpe mti: shina jembamba la kuona kupitia chini, na matawi yanayoanza chini kidogo ya alama ya mwanzi na kuifikia. Kumbuka alama hiyo tutakapopanda.

Kuhusu kelele, nisikudanganye: mimea haizuii mlio wa bodaboda. Kelele huzuiwa na kitu kizito kisicho na matundu, yaani ukuta. Majani huficha chanzo cha kelele machoni, na hilo husaidia kiasi kwa sababu kelele isiyoonekana inachosha kidogo kuliko inayoonekana. Unayeishi ukingoni mwa barabara kuu, panga kukaa kwako alfajiri.

Mwisho wa stara ni rangi. Ukuta mweupe kabisa huakisi jua na kuumiza macho. Paka rangi ya udongo, ya majivu, au ya kijani kilichofifia, na pande zote zinazoonekana kutoka kwenye baraza ziwe rangi moja.

## Hatua ya 6: Sakafu

Usiweke zege eneo lote. Zege hushika joto, na maji ya masika yote yatatafuta pa kutokea kwa mpigo.

Gawa hivi: kitanda cha mimea upana wa sentimita 80 kando ya ukuta mrefu, na kinachobaki kokoto. Shindilia udongo, hifadhi mteremko wako, weka ukingo wa tofali ili kokoto zisitembee, kisha mwaga kokoto kwa kina cha sentimita 5 au 6. Zikiwa nyembamba zaidi utaona udongo baada ya mwezi. Zikiwa nene zaidi utatembea kama uko kwenye mchanga wa pwani. Panga mawe bapa manne au matano kutoka mlangoni hadi kwenye baraza, hatua moja ya kawaida kati ya jiwe na jiwe, kwa ajili ya wazee na mwenye ndala.

Onyo. Watu hutandika viroba vya plastiki chini ya kokoto ili magugu yasiote. Ndani ya mwaka mmoja au miwili viroba vinachanika kuwa nyuzi ambazo hutaweza kuziokota zote. Kama huna kitambaa maalumu cha bustani, acha wazi na ung'oe magugu kwa mkono baada ya mvua. Kwa eneo hili ni kazi ya robo saa.

## Hatua ya 7: Kitu kimoja cha kutazama

Kimoja. Mtungi mkubwa wa udongo, jiwe la matumbawe lenye umbo zuri, au ule mti mmoja. Kiweke mwisho wa mstari wa macho yako, lakini kisogeze pembeni kidogo, kama theluthi moja ya upana. Kikiwa katikati kabisa, bustani inakuwa ukumbi wa mikutano.

Watu wengi hutaka maji, na hapa niwe mkali. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake, Aedes, huzaliana kwenye maji machache yaliyosimama karibu na watu: visahani vya chini ya vyungu, makopo, mtungi wa mapambo. Kwenye joto letu, yai linaweza kuwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi. Zaidi ya hapo, mayai hunata kwenye ukingo wa chombo na huvumilia ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi.

Una njia tatu:
1. Mtungi bila maji. Unatazamika vile vile.
2. Bakuli pana la maji, linalomwagwa na kusuguliwa ndani kwa brashi kila wiki, siku maalumu.
3. Chombo kikubwa chenye samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, kikiwa kwenye kivuli ili maji yasichemke.

Pampu ya maji yanayotiririka ni nzuri mpaka umeme ukatike na wewe uko safarini. Ukiichagua, tumia ya volti 12, waya upite ndani ya bomba, na fundi umeme aweke swichi ya usalama inayokata yenyewe umeme unapovuja. Samaki waweke hata kama pampu ipo.

## Hatua ya 8: Mimea, aina tatu tu

Sasa nenda kwa wauza maua, na orodha yako ina mistari mitatu. Utajaribiwa na ya nne.

Mti mmoja mdogo. Mkomamanga ndio chaguo langu la kwanza. Haukui mno, hupogoleka, una maua mekundu, na huvumilia maji yenye chumvi kiasi, jambo kubwa kwa wanaotumia kisima kirefu maeneo ya karibu na bahari. Mlimau na mdimu una harufu nzuri ya maua na tunda la kila siku, lakini jamii ya michungwa haipatani na chumvi: ncha za majani huungua na mti hudumaa. Onja maji yako kabla ya kuchagua. Mlangilangi kila mtu anaupenda kwa harufu, ila ukiachwa utapita paa la nyumba. Hauna nafasi kwenye mita 3 kwa 4. Mwembe na mkungu usizifikirie hata kidogo.

Majani ya kufunika ardhi. Chagua aina moja yenye majani ya kijani, uijaze kitanda kizima. Aina moja ikijaa huyapumzisha macho. Aina kumi zikichanganyika huyachosha. Penye kivuli kingi sansevieria fupi (ule mmea wa majani magumu yaliyosimama wima) inafaa sana, haidai maji. Penye jua la asubuhi hata mchaichai unafaa, na unaingia kwenye chai.

Mmea wa harufu. Mwasumini, uliopandwa kwenye chanja ya ubavuni. Maua yake hufunguka kuanzia jioni, saa ambayo mwenye nyumba amerudi. Panda upande upepo unakotokea, ili harufu ikufuate ulipo; ndiyo maana tuliandika upepo hatua ya kwanza. Kama huna mahali pa kutambaa, mrehani chunguni karibu na mkono unatosha: unaupitisha vidole tu.

Jinsi ya kupanda mti:
1. Panda mwanzo wa mvua, Machi au Oktoba hadi Novemba, ili mvua ikusaidie kumwagilia.
2. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, angalau mita 1 na nusu kutoka msingi wa nyumba, mita 1 kutoka uzio, na mbali na chemba. Hakikisha liko kwenye ile alama ya mwanzi.
3. Changanya udongo wa juu sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja. Samadi ikiwa bado ina joto au harufu kali, haijaiva, itaunguza mizizi.
4. Chana kiriba na ukitoe chote. Miche mingi hufa ikiwa bado imevaa plastiki, na mwenye nyumba akalaumu jua.
5. Weka mche kwenye kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni. Shina likizikwa linaoza.
6. Mwagilia ndoo nzima, kisha funika juu kwa majani makavu, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Mwezi wa kwanza mwagilia kila baada ya siku moja au mbili, kwa wingi. Kunyunyiza kidogo kila siku huifunza mizizi kukaa juu, na wiki moja ya kaskazi bila mtu nyumbani inaumaliza mti.

Onyo kwa wenye watoto. Utomvu wa mnyaa ni hatari kwa macho, na oleanda ina sumu kila sehemu, hata majani makavu. Franjipani haina shida kubwa, ila utomvu wake huwasha ngozi.

Hofu ya nyoka, ambayo bibi hataacha kuitaja, ina jibu la vitendo: pogoa matawi ya chini ya mti na mwasumini yabaki sentimita 30 juu ya ardhi, usirundike mawe wala kuni, na ziba matundu ya ukutani. Penye mwanga chini ya majani, nyoka hapati pa kujificha.

## Hatua ya 9: Taa moja

Taa ya ulinzi ya mwanga mweupe iwe na swichi yake peke yake, na uizime ukiwa umekaa. Kwa bustani weka taa moja ya mwanga wa njano (kwenye boksi imeandikwa 2700 K au 3000 K), chini, ikiangaza shina la mti au mtungi. Isiwe karibu na baraza, kwa sababu wadudu watakusanyika ilipo. Taa ya sola inatosha kabisa ikiwa kisahani chake kinapata jua la mchana.

## Kwa wakazi wa fleti

Hatua ya 1, 2 na 5 ni zile zile. Tofauti ni uzito. Chungu cha lita 40 chenye udongo uliolowa kinaweza kufika kilo 60 au 70, na vitano ni sawa na kuwaegesha watu wazima watano kibarazani daima. Uliza mwenye jengo kwanza, weka vyungu karibu na ukuta, mbali na ukingo, na changanya udongo na makumbi ya nazi ili kupunguza uzito. Badala ya baraza, tumia benchi fupi lililofungwa ukutani kwa skrubu. Chungu kimoja kikubwa kinazidi kumi vidogo kwa kila kipimo, ikiwemo idadi ya visahani vya kukagua mbu.

## Baada ya masika ya kwanza

Mvua zikikatika, mwishoni mwa Mei au Juni, zunguka na daftari. Mambo yanayojitokeza ni haya:

- Majani ya njano, udongo una maji. Mteremko umekufa au ukingo wa tofali unazuia maji. Toa tofali moja upande wa chini.
- Ncha za majani zimeungua, udongo haujakauka. Chumvi kwenye maji. Kinga maji ya mvua kwenye pipa lenye mfuniko, na mwagilia kwa hayo mara moja kwa wiki.
- Kokoto zimezama. Udongo haukushindiliwa. Ongeza toroli moja au mbili baada ya kushindilia palipozama.
- Ukungu wa kijani kwenye baraza. Uso wa juu hauna mteremko wa kutosha. Sugua kwa brashi ngumu, na mwambie fundi aongeze plasta nyembamba upande wa nyuma.
- Mwasumini una majani tele na maua hakuna. Umeulisha samadi kupita kiasi, au hauoni jua hata saa nne kwa siku. Sitisha samadi kwa msimu mmoja, na pogoa mara tu baada ya maua kuisha. Ukisubiri sana utakata vile vile vichipukizi vya maua yajayo.